Miaka Yangu ya Kuuza Marais wa Kwenye Karatasi

Nimeacha kuuza vitabu. Hakuna aliyeniachisha, wala hakuna aliyenikabidhi saa ya ukutani na cheti, kwa sababu mwajiri wangu nilikuwa mimi mwenyewe, na mimi si mtu wa kutoa zawadi. Magoti yalikataa baridi ya Makambako, nikayasikiliza. Meza nimewaachia vijana wawili, Faraja na Isaya, ambao wameshaipanga chaja na makava ya simu, na riwaya wamezisukuma pembeni kama wageni waliokaa sana. Siwalaumu. Waliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, nadhani kwa heshima tu, kama mtu anavyomuuliza mgonjwa ameamkaje. Sasa watajuta, maana ninajibu kweli.

Habari ya kupanda vyeo itaisha haraka. Nilianza kwa kuitwa "wewe wa vitabu," nikapanda kuwa "kaka wa vitabu," nikastaafu nikiwa "mzee wa vitabu." Ngazi nyingine haikuwepo.

Shule niliiacha darasa la sita. Tuliachana vizuri, kila mmoja alikuwa amemchoka mwenzake. Nilichuma chai, nikapasua mbao kwa msumeno wa kuvutana watu wawili, nikachoka kumtazama mwenzangu usoni kutwa nzima, nikawa utingo wa lori kwa sababu nilitaka kujua barabara inakwenda wapi. Inakwenda Tunduma, halafu inarudi. Siku moja lori lilikufa Makambako. Dereva alipanda basi kwenda Mbeya kutafuta spea, na nadhani bado anaitafuta. Mimi nilibaki nikilinda chuma kisichokwenda, tumbo tupu, ukungu mpaka magotini.

Mbele ya lori kulikuwa na meza ya Mzee Shabani, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Tanga, akaja na sabuni, betri za tochi, vitabu vya dini zote mbili, na riwaya. Nilimwomba niazime moja.

"Hapa si maktaba," akasema.

"Nitasoma hapahapa, mzee. Sitaikunja."

Akanitazama, akatazama meza yake isiyo na mtu. "Soma. Lakini usimame. Na usimame upande huu wa barabara, watu wakuone."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama na kusoma ili wapita njia wadhani meza ina wateja. Mpaka leo sijapata kazi nyingine inayonifaa kuliko ile.

Kitabu kilihusu nchi iliyopata uhuru. Mkubwa wa kizungu anaondoka, mkubwa mpya anaingia katika nyumba ileile, anabaki na mbwa yuleyule na kengele ileile ya kumwita mpishi. Mpishi naye anabaki. Kinachobadilika ni lugha ya kumtukania. Nilishtuka, kwa sababu kule nilikochuma chai niliiona nyumba hiyo, yenye bomba la moshi na maua ya zambarau, na mwananchi mwenzetu aliyehamia humo aliipiga kengele kwa bidii kuliko aliyeondoka. Nilimwambia Mzee Shabani kwamba mwandishi huyu lazima aliishi kwetu.

"Kila anayekisoma anasema hivyo," akanijibu bila kuinua kichwa. "Wa Songea anasema, wa Kasumbalesa, kule mpakani mwa Kongo, anasema. Ndiyo maana kinauzika."

Aliniweka mezani kabla lori halijapata mtu wa kulivuta. Alinifundisha mambo matatu, na yote matatu nawaachia Faraja na Isaya hata kama hayasaidii kuuza chaja. La kwanza, usiuze riwaya usiyoisoma, mteja atakunusa. La pili, msimulie mteja mpaka wanajeshi wafike kwenye geti la ikulu, halafu ukohoe na kupanga vitabu. Akitaka kujua kama geti lilifunguliwa, anajua la kufanya. La tatu ndilo kubwa: mteja akikuuliza huyu rais wa kwenye kitabu ni nani hasa, mwambie hujafika huko.

"Hata kama nimekimaliza?"

"Hasa kama umekimaliza. Akijitafutia mwenyewe atampata, na atakushukuru. Ukimtajia wewe, mtagombana, na huenda ukawa umemtajia mjomba wake."

Vyombo vya kazi vilikuwa vichache. Sindano ya kushonea magunia na uzi wake, kwa ajili ya vitabu vilivyokatika mgongo. Gundi ya unga wa ngano, yenye tone la mafuta ya taa ili mende wasiifanye mboga. Nailoni ya kufunika, maana ukungu wa huku unaingia kwenye kitabu kama ndugu aliyekuja mjini kutafuta kazi: haubishi hodi, na hautoki. Kitabu kikivimba nilikiweka chini ya gunia la viazi la jirani yangu, nikakitoa baada ya siku kadhaa kimenyooka, kikinukia udongo. Wateja wengi walidhani riwaya za Kiafrika ndivyo zinavyonukia. Sikuwasahihisha.

Siku za juma nilikaa stendi ya Makambako. Jumamosi nilipanda Njombe na mfuko mgongoni, nikatandika kata ya Ramadhani, kati ya muuza viatu na fundi cherehani. Mara chache nilifika hadi Bulongwa, kwa sababu wauguzi wa hospitali ya kule walisoma kuliko watu wote niliowahi kuwauzia. Wao walipenda zile za kijana aliyesoma Ulaya akarudi na digrii na koti, akakuta nchi imeliwa. Mimi niliwaeleza kwa kirefu kuhusu usaliti wa uhuru. Wao walitaka kujua kama alioa.

Wanafunzi ndio walionipa taabu. Mwanafunzi hakuulizi kitabu kinahusu nini.

"Mzee, hiki kina dhamira ngapi?"

"Za kutosha."

"Ukoloni mamboleo umo?"

"Umo, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho."

"Na rushwa?"

"Tele."

"Mapenzi?"

"Kidogo, karibu na gereza."

Anachukua, anakwenda kufaulu. Kuna mtu alipigwa, akafungwa, akaandika kitabu kile kwenye karatasi za kufungia sabuni, na huku kwetu kikageuka kuwa kitu cha kuhesabiwa dhamira kama mayai kwenye trei.

Madereva walinipendeza zaidi. Masudi, aliyekuwa akipeleka mizigo Kongo, alisoma kila riwaya ya mapinduzi niliyokuwa nayo, na siku moja alinirudishia mmoja wa waandishi wangu wakubwa kwa hasira.

"Kaka, huyu hajui kitu. Mapinduzi yanafanyika, redio inatekwa, rais anakimbia. Sasa niambie, malori yako wapi?"

"Malori gani?"

"Yaliyokwama mpakani. Mimi nilikwama na mzigo wa samaki wakati wakubwa wanapigana. Nimeisoma yote, hakuna hata samaki mmoja aliyeoza. Haya ni mapinduzi au harusi?"

Nilimbadilishia. Lakini tangu siku hiyo kila nilipopata riwaya mpya ya vurugu za kisiasa nilimtafuta huyo samaki, na ni waandishi wachache sana waliomkumbuka.

Riwaya zenyewe zilibadilika mikononi mwangu. Zile za zamani zilikuwa na majenerali wenye miwani myeusi, na vifaru vikielekea redioni alfajiri. Hizi za karibuni hazina vifaru. Mtawala ana tabasamu na walimu wa lugha, anashinda uchaguzi kabla haujafanyika, mtandao unazimwa siku mbili kwa ajili ya matengenezo, na vijana wanaulizana kwenye giza nani ana chaji. Mashujaa wa uhuru wamekuwa majina ya barabara zenye mashimo. Kwa muuzaji hii ilikuwa hasara. Kifaru kwenye geti unaweza kukohoa nacho. Katiba inayobadilishwa kifungu kimoja kimoja na watu wenye suti, utakohoa wapi?

Na hapo ndipo alipokuja Mwalimu Atukuzwe.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Njombe, mzaliwa wa Bulongwa, mwanamke wa sauti ndogo anayesahihisha hata bango la hoteli kwa kidole. Kwa miaka alinunua kwangu, akasoma, akarudi na kusema, "Sawa," kana kwamba mwandishi amepata alama za kupita tu. Siku moja alikuja na bodaboda na katoni. Alikuwa ameandika riwaya yake. Mchapaji wa mbali alimchapia katoni hiyo moja, akaacha kazi ya vitabu, akahamia kuchapa kadi za harusi. Nyingine zisingepatikana. Mama yake Mwalimu, mkulima asiyejua kusoma, alikuwa ameuza ng'ombe wake wa maziwa ili kazi ifanyike, na kila Jumapili alipiga simu kutoka Bulongwa kuuliza, "Ng'ombe wangu amefika kwa nani sasa?"

"Nataka isomwe," Mwalimu akaniambia. "Sitaki isifiwe. Isomwe mpaka mwisho."

Niliisoma nikisimama, kwa mazoea. Ilihusu nchi isiyotajwa, yenye baridi, na mtawala anayeitwa Mlezi. Mlezi aliwatoa watu kwenye mikono ya wageni, kisha hakuona sababu ya kuwatoa kwenye mikono yake. Huwaita watu "wanangu." Akizindua kisima anatoa blanketi, akizindua blanketi anatoa hotuba. Ilikuwa nzuri. Niliishona nakala yangu upya kwa uzi wa gunia, maana nilikuwa nimeshaifungua mno.

Nikaiweka mezani Makambako, nikasimulia mpaka Mlezi anapotangaza kwamba uchaguzi umeahirishwa kwa sababu ya mvua. Nikakohoa. Zikanunuliwa mbili. Kabla wiki haijaisha stendi nzima ilikuwa inamwita diwani mmoja "Mlezi." Diwani wa kata gani sitasema, si kwa woga, ila kata zote zitasema ni wa kwao. Naye alikuwa mtu wa blanketi, na wa "wanangu." Wapiga debe walimsalimia hivyo akishuka kwenye gari, wakiinama: "Shikamoo, Mlezi." Yeye alipokea, akidhani ni cheo kipya.

Aliyemfungua macho ni msaidizi wake, Festo, kijana wa koti la bluu na simu mbili, ambazo alizishika zote hata akinywa chai. Alikuja mezani kwangu akasimama bila salamu.

"Mzee, kile kitabu cha kumtukana Mheshimiwa kiko wapi?"

"Sina kitabu cha kumtukana Mheshimiwa. Nina cha nchi yenye baridi."

"Usinichezee. Mlezi ni nani?"

"Sijafika huko."

"Umekiuza bila kukisoma?"

"Nasoma polepole, kijana wangu. Niliishia darasa la sita."

Akaweka simu moja mfukoni, ishara kwamba mambo ni makubwa. "Sikiliza. Mheshimiwa hataki kelele. Jumatatu nakuja na gari, unanipa katoni nzima, kwa amani. Na yule mwalimu mwambie kuna shule moja iko mbali kweli, inahitaji walimu wenye vipaji."

Hapo hamu ya kucheka iliniisha. Meza ningeweza kuihamishia pengine, nimehama maisha yangu yote. Lakini katoni ile ikipanda gari la Festo, ingekuwa kana kwamba kitabu hakikuandikwa, na ng'ombe wa watu angekuwa ameuzwa bure. Nilifunga meza mchana kweupe, nikapanda Njombe na katoni magotini.

Nilimkuta Mwalimu ofisini kwake akisahihisha madaftari. Nilimpa maoni yangu ya kitaalamu: tuifiche. Kijijini Kitandililo nilikuwa na rafiki mwenye ghala la mahindi, na hakuna msaidizi wa diwani anayependa vumbi.

"Hapana," akasema, akiendelea kuweka alama za vema na kosa. "Nikiificha nitakuwa nimekubali kwamba ni yeye."

"Si yeye?"

Akaniangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wanaouliza dhamira. "Jumapili ni sikukuu ya mavuno usharikani kwetu. Kila mtu analeta alichovuna. Mimi mwaka huu sikulima, niliandika. Nitaleta katoni."

"Mwalimu, mgeni rasmi ni nani?"

"Ni yeye."

"Basi ungempelekea nyumbani, usimsumbue kuvaa suti."

"Nyumbani atakuwa ameichukua," akasema. "Kule lazima ainunue, mbele za watu, kwa mdomo wake. Kama kitabu changu kinakufa, kife na mashahidi."

Mtu akishaamua kufa na mashahidi, kazi ya rafiki ni kubeba katoni.

Asiyejua mavuno ya kwetu nimweleze. Baada ya ibada watu hutoka nje, sadaka za mashambani zinawekwa kwenye nyasi: maboga, magunia ya viazi, parachichi, jogoo waliofungwa miguu na wasioelewa kinachoendelea. Zinanadiwa. Mgeni rasmi anatarajiwa kupandisha kuliko wote, na akishapata, haondoki na kitu. Si sheria iliyoandikwa popote, ila mheshimiwa anayeonekana akipakia boga la kanisa kwenye gari lake atalisikia boga hilo mpaka uchaguzi ujao. Ananunua, kisha anawatunuku wajane, au mchungaji, au kwaya. Mnadi wetu, Mzee Nathanieli, mzee wa kanisa mwenye koo la tarumbeta, alikuwa amenadi miaka mingi kiasi kwamba hakuwasubiri tena wageni waseme. Aliwasemea.

Siku hiyo Mheshimiwa alikuwa na mkono mwepesi. Akapata boga. "Mheshimiwa amewapa wajane!" Vigelegele. Akapata jogoo. "Mheshimiwa amempa Mchungaji!" Mchungaji akainama. Akapata debe la maharage, likaenda kwa vijana kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Alikuwa anatabasamu. Festo nyuma yake alikuwa anapiga picha kwa simu moja na kuzituma kwa nyingine.

Kisha ikaja katoni. Mzee Nathanieli akaifungua, akatoa kimoja, akakigeuza huku na huku kama anatafuta miguu yake.

"Hiki ni kitabu," akatangaza. "Mavuno ya Mwalimu Atukuzwe. Wengine wamelima kwa jembe, yeye amelima kwa kalamu. Kazi ni kazi. Nani anaanza?"

Festo akainama sikioni kwa Mheshimiwa. Tabasamu likabaki mdomoni, likatoka machoni. Akanyoosha mkono.

Ingeishia hapo, lakini Mama Upendo, mwenyekiti wa kwaya, mwanamke mkubwa mwenye kucheka, akapandisha juu yake.

"Mama Upendo, wewe unasoma?" mtu akamchokoza.

"Nasoma. Yako tu ndiyo siyasomi, baba Zaka, kwa kuwa hayana maana."

Watu wakacheka. Mheshimiwa akapandisha. Mama Upendo akapandisha kwa utani, wanakwaya wakimsukuma mgongoni. Mheshimiwa akapandisha tena, safari hii akiwa amesimama. Mwalimu Atukuzwe alikuwa kando ya jogoo waliobaki, mikono nyuma, uso wa mtu anayesimamia mtihani. Mimi nilitazama nyasi. Nilishaanza kutunga nitamwambia nini mama yake kule Bulongwa kuhusu ng'ombe.

"Ya kwanza, ya pili, imekwenda kwa Mheshimiwa!"

Festo alikuwa ameshatoka mbio. Alifika, akainama, akashika katoni kwa mikono miwili, simu zote mbili zikiwa mfukoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Na Mheshimiwa," Mzee Nathanieli akavuta pumzi, "ameinunulia kwaya!"

Sijui kama mmewahi kusikia sauti ya kwanza ya kwaya ya Kibena ikipiga vigelegele pamoja. Mheshimiwa alikuwa ameinua mkono kukataa. Ukafika juu. Akautazama, akatazama watu, akaupunga. Mama Upendo akamwondoa Festo kwenye katoni kwa nyonga, bila ubaya, akaanza kugawa: sauti ya kwanza, ya pili, wanaume wa besi mwisho kama kawaida yao. Festo alibaki ameshika kipande cha karatasi ngumu kilichochanika. Kisha kwaya ikaimba wimbo wa shukrani, beti zote, wakimwelekea mgeni rasmi huku wameshika Mlezi vifuani, na mgeni rasmi ilimbidi apige makofi.

Nilimsogelea Mwalimu. "Ulijua?"

"Nilijua kwamba Mzee Nathanieli hana subira," akasema. "Niliwafundisha wanawe."

Kilichofuata ndicho kilichonifunza zaidi kuhusu riwaya za siasa, baada ya miaka yote ile ya kuzieleza kwa watu. Wanakwaya walisoma, na hakuna aliyemwona diwani. Sauti ya pili waligundua kwamba Mlezi ni mwalimu wa kwaya, aliyeshika ile fimbo yake ya kuongozea wimbo tangu wengine hawajazaliwa na kuahirisha uchaguzi wa viongozi kila mvua iliponyesha. Wakampindua. Ilifanyika mazoezini, bila damu, kwa kukataa tu kuimba. Wakamweka kijana mwenye mawazo mapya, naye kabla mahindi hayajakauka alikuwa ameshaanza kuwaita "wanangu." Mama mmoja alisema Mlezi ni shemeji yake. Besi mmoja alikuja kuniuliza kwa siri kama Mwalimu amewahi kukaa karibu na baba yake.

Kiangazi kilipoanza, gari lilisimama mbele ya meza yangu Makambako. Akashuka Mheshimiwa mwenyewe. Festo alimfungulia mlango, akabaki karibu na gari.

"Kamwene, mzee wa vitabu."

"Kamwene, Mheshimiwa."

Akavuta kreti ya soda, akaketi. "Kile kitabu. Unacho?"

"Si ulivinunua vyote?"

"Nilivinunua," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akicheka bila kipaza sauti. "Hata kimoja sina."

Nilikuwa na kile changu cha uzi wa gunia. Nikampa. Nikamwagizia chai kwa mama wa jirani.

"Mimi niko ukurasa gani?" akauliza, kalamu mkononi.

"Sijafika huko."

Akaanza mwanzo, kama mtu mwingine yeyote. Alisoma akinung'unika. "Huyu ni mrefu. Mimi si mrefu." Akafungua kurasa. "Huyu ana wake wawili." Akafungua tena. "Huyu alikwenda vitani. Mimi hata mgambo sikupita." Alikuwa anafurahi, kisha nikaona furaha inamtoka polepole, kama mtu aliyetafuta jina lake kwenye orodha ya walioalikwa akalikosa.

"Mzee, mimi simo humu."

"Pole, Mheshimiwa."

Akaendelea tu. Chai ikashika utando. Alifika pale ambapo Mlezi, ambaye miaka mingi hasomi chochote mwenyewe, anasikia watu wakiimba nje ya dirisha, anamwuliza kijana wake wa ofisini wanaimba nini, na kijana anajibu: wanakusifu. Nilijua amefika hapo kwa sababu kidole chake kiliacha kwenda chini. Kikarudi juu ya ukurasa. Kikashuka tena.

"Festo," akaita, bila kugeuka.

"Naam, Mheshimiwa."

"Hiki kitabu ulikisoma?"

Festo akatazama simu moja, akatazama na ya pili. "Niliambiwa, Mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na watu."

Mheshimiwa akasimama, akakunja kona ya ukurasa, jambo ambalo katika miaka yangu yote sikumruhusu mtu, akaweka kitabu kwapani na kwenda garini. Alimwambia Festo akae nyuma. Habari ya shule ya mbali haikusikika tena, na nakala yangu sikuiona tena.

Jumamosi nilimweleza Mwalimu Atukuzwe yote, kreti, chai, kidole, Festo. Nilidhani atataka kujua kama diwani alikasirika. Hakuuliza. Alitaka kujua alikunja kona kwenye sura ya ngapi.

"Ya saba," nikamwambia.

Akainua mfuko wake wa madaftari. "Basi atamaliza," akasema. "Ya nane ndipo inapoanza kuwa nzuri."